Mlio wa Gia: Sikiliza Kabla ya Kufungua

Mkulima wa Kinangop apakiaye kabichi alfajiri kwenda Nairobi hana jambo limtialo hofu kama mlio mgeni chini ya pikapu yake. Injini yavuma kama kawaida na breki zashika, lakini chini ya miguu kuna sauti ya kusaga ambayo jana haikuwapo. Akifika gereji huenda akaambiwa, "Giaboksi imekwisha," na kabla jua halijatua imeshushwa na kufunguliwa, vyuma vyake vimetandazwa juu ya gunia. Karo ya watoto imekwenda, na pengine kosa halikuwamo humo kabisa.

Sauti husafiri katika chuma. Beringi ya gurudumu la nyuma ikilia, dereva aweza kuapa kwamba mlio uko chini ya kiti chake. Kwa hiyo swali la kwanza si mlio uko wapi, bali huja lini na hukoma lini. Mwenye gari aweza kulijibu bila spana hata moja, tena kuliko fundi, kwa kuwa fundi hakuwamo garini mlio ulipoanza.

Na aanze gari likiwa limesimama mahali palipo sawa, breki ya mkono imevutwa, gia imetolewa, injini ikizunguka polepole. Ikiwa mlio upo, nao hukoma klachi ikanyagwapo, na zishukiwe beringi zilizomo ndani ya giaboksi, hasa ile ya shafti itokayo kwenye klachi. Maana klachi ikikanyagwa mpaka mwisho, shafti hiyo huachana na injini. Mlio uzukao wakati wa kukanyaga, huo kwa kawaida ni wa beringi ya klachi yenyewe. Dereva apumzishaye mguu juu ya klachi safari nzima asishangae beringi hiyo ikichakaa upesi.

Kisha aende barabarani. Pikapu za zamani kama Datsun 1200 zina gia nne, na ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja mpaka kwenye propela, bali gia za chini huipitisha katika shafti ya pili iliyo kando. Ndiyo sababu giaboksi ikisaga katika gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha ikanyamaza katika ya nne, beringi za shafti hiyo ya kando ndizo za kutazamwa. Mlio ukiwa katika gia moja tu, huenda meno ya gia hiyo yameliwa.

Kishindo kimoja gari liondokapo, au lirudipo nyuma, mara nyingi ni cha krosi za propela. Krosi ni kitu kidogo, na bei yake haifanani na ya giaboksi, lakini propela ikianguka mwendoni ni hatari kubwa. Difu nayo hulia namna yake: huvuma, na uvumi wake hubadilika mafuta yakanyagwapo na yaachwapo. Beringi ya gurudumu haijali mafuta, hufuata mwendo wa gari tu, na mara nyingi hubadilika konani. Tairi za matope zenye meno makubwa huvuma vilevile juu ya lami, zikanyamaza kwenye barabara ya udongo.

Jambo la oili hudharauliwa mno. Oili ikipungua, giaboksi nzima hulia. Kizibo cha chini kikifunguliwa, tope laini la kijivu si ajabu. Vipande vya chuma ni meno yaliyovunjika. Na atazame alama ya mkebe pia: giaboksi nyingi za zamani hutaka GL-4, na baadhi ya oili za GL-5, zilizokusudiwa difu, hula pete za shaba zilainishazo kuingia kwa gia.

Hayo yote na yaandikwe katika karatasi: gia gani, mwendo gani, klachi juu au chini, gari tupu au lenye mzigo. Karatasi hiyo apewe fundi kabla hajaingia chini ya gari.