Kitufe cha "Lipa" Kikigoma: Namna ya Kutafuta Tatizo Unaponunua Pembejeo Mtandaoni

 

Maswali ninayopokea siku hizi yamebadilika. Zamani simu ya asubuhi ilikuwa ya kantangaze au mnyauko wa nyanya. Bado zinakuja, lakini katikati yake hakosekani mtu wa kusema: "Bwana shamba, mbegu nimeshaziweka kwenye kapu, nabonyeza kulipa, hakuna kinachotokea." Mwingine anaona kigurudumu kinazunguka hadi bando linaisha. Mwingine kabandikiwa maandishi mekundu ya Kiingereza, kafunga simu, kaja kuniuliza kama ameibiwa.

Jambo hili si dogo. Mbegu ya nyanya chotara ikichelewa siku kumi, kitalu kinachelewa siku kumi, na mavuno yanaangukia wakati kila mtu ameshajaza soko. Halafu kuna hela yenyewe. Kijana mmoja wa Ilula alikuwa anaagiza mipira ya umwagiliaji wa matone. Kitufe hakikuonyesha dalili yoyote, akakibonyeza mara nne, na jioni akakuta amekatwa mara mbili. Hela ya pili ilirudi, lakini baada ya wiki tatu za kupigiana simu, na wiki tatu hizo shamba lilikuwa linasubiri mbolea.

Kwa hiyo leo tuache wadudu kidogo.

Tatizo linakaa wapi

Wengi wakikwama wanasema "mtandao mbovu". Mara nyingine ni kweli. Lakini kama picha za bidhaa zimefunguka, bei unaziona, na ni kitufe tu kinachogoma, basi mtuhumiwa wa kwanza ni skripti.

Ukurasa wa duka la mtandaoni una sehemu tatu. Kuna maandishi na picha. Kuna mpangilio wa rangi na ukubwa. Halafu kuna skripti, yaani maagizo yanayoufanya ukurasa utende kazi: kuongeza idadi kwenye kapu, kujumlisha bei na usafiri, kufungua sehemu ya malipo. Lugha inayotumika sana kuandika maagizo hayo ni JavaScript. Ilibuniwa na Brendan Eich mwaka 1995 akiwa kampuni ya Netscape, na mpaka leo ndiyo inayoendesha karibu kila duka unalolifungua.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo watu wanapopotea. Skripti hizo hazifanyi kazi kwenye kompyuta ya muuzaji. Zinatumwa kwako, na ni kivinjari chako (Chrome, Firefox, Opera na wenzake) kinachozisoma na kuzitekeleza ndani ya simu yako. Ndiyo maana duka lilelile linaweza kumkubali jirani yako na kukugomea wewe, saa ileile, mkiwa mmekaa benchi moja.

Fikiria mfumo wako wa matone. Pampu inanguruma, tangi limejaa, lakini chujio limeziba. Mistari yote iliyo mbele ya chujio inakauka. Skripti nayo iko hivyo: ikikwama mahali, maagizo yaliyokuwa yanafuata hayatekelezwi, ingawa ukurasa kwa macho unaonekana mzima. Kuna hali mbaya zaidi. Kivinjari cha zamani kikikutana na alama ambayo hakikufundishwa, kinakataa faili zima, hata mstari wa kwanza hakitekelezi. Hapo kitufe kipo, kimepakwa rangi nzuri, lakini nyuma yake hakuna kitu.

Kwanza linda hela

Kabla ya kutafuta kosa, acha kubonyeza. Kitufe kunyamaza hakumaanishi ombi halijaenda. Inawezekana skripti imeshatuma ombi la malipo, kilichokufa ni kile kipande cha kukuonyesha "tafadhali subiri". Ukibonyeza tena, unatuma ombi la pili.

Fungua ujumbe wa simu. Je, umepata SMS ya kukatwa hela? Angalia salio. Angalia barua pepe kama kuna namba ya oda. Kama umeingia kwenye akaunti yako ya duka, fungua orodha ya oda zako. Subiri dakika kadhaa, maana ombi la kuweka namba ya siri linaweza kuchelewa pale mtandao wa simu ukiwa na msongamano. Likija ombi ambalo hulielewi, usiweke namba ya siri. Ukishajiridhisha kwamba hakuna kilichokatwa, ndipo uendelee.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati

Mnakumbuka nilivyowafundisha shamba la majaribio? Ukibadilisha mbegu, mbolea na maji siku moja, mavuno yakipanda hujui ni kipi kilichosaidia. Hapa ni vilevile. Kijana anafuta kila kitu, anazima simu, anabadilisha laini, anahamia mlimani, halafu ikikubali hajui ilikuwa nini. Kesho tatizo likirudi anaanza upya.

Anza kwa kuuliza umefikaje dukani. Kama ulibonyeza tangazo ndani ya Facebook au Instagram, hauko Chrome. Programu hizo zina kivinjari chao cha ndani, na madirisha ya malipo mengi yanakwama humo. Bonyeza vidoti vitatu juu, chagua kufungua kwenye kivinjari cha simu. Mimi hili ndilo la kwanza kuuliza kila ninapopigiwa, na mara nyingi maongezi yanaishia hapo.

La pili ni Opera Mini. Najua mnaipenda kwa sababu inaokoa bando, na mimi sina ugomvi nayo kwa kusoma habari. Lakini ikiwekwa kwenye kiwango cha juu kabisa cha kubana data, ukurasa hautengenezwi kwenye simu yako. Unatengenezwa kwenye kompyuta za Opera, unabanwa, ndipo unaletewa. Skripti zinapewa muda mfupi tu wa kufanya kazi huko, basi. Ukurasa wa malipo unaohitaji kuendelea kufanya kazi mbele ya macho yako unabaki kama picha ukutani. Punguza kiwango cha kubana, au nunua kwa Chrome au Firefox halafu rudi kwenye Opera Mini yako.

Kama hayo mawili siyo, jaribu dirisha fiche. Kipimo hiki nakithamini kuliko vyote, maana kinafungua duka bila kumbukumbu za zamani na bila vidakuzi vya nyuma. Kapu lako litakuwa tupu humo, usishtuke. Weka bidhaa moja ujaribu hadi hatua ya malipo. Ikikubali, duka halina kosa. Tatizo ni mabaki yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari chako. Inatokea muuzaji amebadilisha ukurasa wiki hii, wewe simu yako bado imeshika skripti ya mwezi uliopita, vipande havishikani. Dawa ni kufuta data ya tovuti hiyo. Kwenye Chrome gusa alama iliyo kushoto kwa anwani ya tovuti, ingia kwenye vidakuzi na data ya tovuti, ufute ya duka hilo peke yake. Hakuna haja ya kufuta simu nzima kama anayechoma shamba lote kwa ajili ya panya mmoja. Utatakiwa kuingia upya kwenye akaunti, kwa hiyo hakikisha neno la siri unalikumbuka.

Dirisha fiche nalo likigoma, angalia haya, hayahitaji maelezo marefu: tarehe na saa ya simu (betri ikifa kabisa tarehe inaweza kurudi nyuma, na tovuti salama zitakataa kufunguka), nafasi ya kuhifadhi iliyojaa, VPN iliyowashwa, na kizuia matangazo. Hicho cha mwisho kinaweza kuzuia skripti halali ya malipo kikidhani ni tangazo.

Simu ndogo zina ugonjwa wao. Kama simu yako ina RAM ya GB 1 au 2, ukitoka kwenye ukurasa wa malipo kwenda kusoma SMS ya namba ya uthibitisho, simu inauondoa ule ukurasa ili kupata nafasi. Ukirudi, unajifungua upya na kila ulichojaza kimepotea. Funga programu nyingine zote kabla hujaanza, na ile namba isome kwenye taarifa inayoshuka juu ya skrini bila kutoka kwenye kivinjari.

Umri wa programu nao unahesabika. Chrome ya sasa inahitaji Android 10 kwenda juu. Kwa kompyuta, zile za Windows 7 ambazo bado naziona kwenye ofisi za AMCOS ziliishia toleo la 109 la Chrome, na Internet Explorer ilistaafishwa na Microsoft Juni 2022. Mashine kama hiyo itafungua ukurasa wa habari vizuri, halafu igomee duka jipya. Hutaitibu kwa kufuta kumbukumbu. Firefox au Chrome iliyosasishwa kwenye kifaa kingine ndiyo njia. Azima simu ya mwenzako kwa dakika kumi, ila usihifadhi neno la siri humo.

Ukiwa na kompyuta, soma mistari myekundu

Hapa kompyuta inaishinda simu mbali sana. Fungua ukurasa unaogoma, bonyeza F12, chagua sehemu iliyoandikwa Console, kisha fungua ukurasa upya na urudie kitendo kilichokwama. Mistari myekundu itajitokeza. Usiogope wingi wake. Tovuti nyingi nzuri zina makosa madogo ambayo hayamsumbui mtu. Unatafuta mstari unaotokea pale pale unapobonyeza kitufe, au ule wa kwanza kabisa, maana inayofuata mara nyingi ni watoto wake.

Upande wa kulia wa mstari kuna jina la faili na namba. Hilo jina ndilo linakuambia mgonjwa ni nani. Likianza na chrome-extension, kosa ni la kiendelezi ulichoweka mwenyewe, kizime. Ukiona ERR_BLOCKED_BY_CLIENT, kuna kitu upande wako kimezuia faili, na mara nyingi ni kizuia matangazo. Kiruhusu kwa tovuti hiyo tu. Ukiona ERR_CONNECTION_TIMED_OUT, hapo sawa, laumu mtandao.

Maneno "is not defined" yana maana kwamba skripti imeita kitu ambacho hakijafika. Mfano maarufu ni "jQuery is not defined". jQuery ni mkusanyiko wa maagizo ambao maduka mengi yanautegemea, na ukichelewa au ukikatika njiani kwa sababu ya mtandao dhaifu, kila kilichoutegemea kinaanguka. Fungua ukurasa upya mara moja ukiwa na mtandao mzuri. Kosa likirudi lilelile kwenye mitandao miwili tofauti, ni la muuzaji. "SyntaxError" kwenye mashine ya zamani ni ile habari ya kivinjari kisichojua alama mpya. Na ukiona "Script error." bila maelezo mengine, usijilaumu kwa kutoelewa. Kivinjari kinaficha undani wa kosa lililotoka kwenye skripti ya tovuti nyingine, kwa sababu za usalama.

Kama faili ni la duka lenyewe, na umejaribu kivinjari cha pili na kifaa cha pili, acha kuhangaika. Huwezi kurekebisha skripti ya mtu mwingine kutoka kwako.

Namna ya kumwambia muuzaji

"Tovuti yenu haifanyi kazi" ni sawa na kunipigia useme "mmea unaumwa". Nitakuuliza mmea gani, majani ya juu au ya chini, tangu lini. Mhudumu wa duka naye anahitaji dalili. Andika hivi:

"Habari. Leo saa 4:20 asubuhi nilijaribu kulipia pakiti mbili za mbegu za nyanya. Nikibonyeza kitufe cha kulipa hakuna kinachotokea. Natumia Chrome kwenye simu ya Android 12. Nimejaribu dirisha fiche na Firefox, hali ni ileile. Sijakatwa hela. Picha ya skrini nimeambatanisha. Naomba mnitengenezee oda au mnielekeze njia nyingine ya kulipa."

Ujumbe kama huu mhudumu anaupeleka moja kwa moja kwa fundi. Kama umekatwa hela, ongeza namba ya muamala iliyo kwenye SMS. Namba ya siri usimpe mtu, hata akijitambulisha kuwa ndiye fundi.

Na matapeli wanaujua mkwamo huu. Utaona dirisha limeandikwa kwamba kivinjari chako kina hitilafu, bonyeza hapa kukisasisha, au nakili maandishi haya uyabandike kwenye kompyuta yako ili kurekebisha. Maandishi hayo ni maagizo ya kumfungulia mwizi mlango. Kivinjari kinasasishwa kutoka Play Store au ndani ya mipangilio yake. Duka halali halina sababu ya kukutaka ubandike kitu chochote kwenye kompyuta yako ili ununue mbegu.

Muuzaji akikupa lipa namba ili ukwepe tovuti, piga kwanza simu iliyochapishwa kwenye tovuti au kwenye pakiti ya mbegu uliyonunua zamani, siyo ile iliyokuja kwenye ujumbe. Kabla hujaweka namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye skrini. Likiwa la mtu binafsi usiyemjua badala ya duka, futa. Mzigo ukifika, kagua lebo ya TOSCI kabla hujafungua pakiti, na zile SMS za malipo usizifute mpaka mbegu ziwe zimeota.

Kama bado umekwama baada ya yote haya, nitumie picha ya skrini, siyo maelezo ya sauti ya dakika saba.