Kabati la vitabu lina kufuli: nani afungue?

Msikilizaji wetu, kama una mtoto katika shule ya msingi, muulize jioni ya leo: mara ya mwisho alileta lini nyumbani kitabu cha hadithi kutoka shuleni?

Katika shule nyingi za vijijini tunazofika na vinasa sauti vyetu, maktaba ni kabati moja ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu. Vitabu vimo. Kufuli nalo lipo. Tukiuliza sababu, jibu ni lilelile: "Vitapotea."

Hofu hiyo si ya bure. Vitabu ni mali ya umma, na kikipotea kimoja anaulizwa mwalimu mkuu au mwalimu wa maktaba. Mtu aliyebebeshwa mzigo peke yake hufunga mlango. Kwa hiyo dawa ya kufuli ni kugawana mzigo.

Waanze na daftari

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Madaftari mawili yanatosha. La kwanza ni la orodha: kila kitabu kipewe namba, na namba hiyo iandikwe pia ndani ya kitabu pamoja na mhuri wa shule. La pili ni la kuazima: jina la mwanafunzi, darasa, namba ya kitabu, tarehe ya kuchukua na ya kurudisha.

Daftari la kuazima wanaliweza wanafunzi wenyewe. Kila darasa litoe wawili, msichana na mvulana, washike zamu. Mwalimu wa maktaba alikague kila Ijumaa.

Walimu wapange pamoja

Mwalimu wa sayansi akikaribia kufundisha malaria, amwambie mwalimu wa maktaba wiki moja kabla. Vitabu vinavyohusu somo hilo vitolewe. Kundi moja lisome kuhusu mbu, jingine dalili, jingine kinga, kisha kila kundi liwaeleze wenzao. Kwa njia hiyo hata vitabu 5 vinaweza kulihudumia darasa la watoto 60, na kila mtoto anajifunza kwamba anachokijua mwenzake kinamfaa na yeye.

Wazazi wana kazi gani?

Kazi ya kwanza ni kukubaliana mapema, kupitia kamati ya shule na mkutano wa wazazi, kitabu kikipotea itakuwaje. Ushauri wetu: kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kisihesabiwe hasara. Kilichopotea kwa uzembe, shule na mzazi wazungumze, lakini mtoto asinyimwe vingine.

Kazi ya pili ni ya mikono. Fundi seremala wa kijiji atengeneze rafu iliyoinuka juu ya sakafu na isiyogusa ukuta, maana mchwa hupandia huko. Bibi anayejua hadithi za zamani aalikwe shuleni asimulie, watoto waandike. Maandishi hayo yakishonwa pamoja, maktaba imepata kitabu ambacho hakipo popote pengine.

Na kama hukubahatika kusoma, bado una nafasi. Keti na mtoto, mwambie akusomee kwa sauti. Anayesikilizwa hupata hamu ya kusoma tena.

Msaada uko wapi?

Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ina maktaba mikoani. Walimu wanaweza kufika huko kuomba ushauri wa namna ya kupanga na kutunza vitabu. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, hivyo mwenye simu janja anaweza kumsaidia mtoto wake na wa jirani.

Je, vitabu havitapotea kabisa? Vingine vitapotea. Katika shule moja iliyofungua kabati lake, tulirudi muhula ulipokwisha tukakuta vitabu 3 vimepita tarehe ya kurudishwa. Mwalimu mkuu hakuwa na wasiwasi. Alifungua daftari akatuonyesha kila kimoja kiko nyumba gani. Kabati lenyewe lilikuwa karibu tupu, kwa sababu vitabu vilikuwa mikononi mwa watoto.

Tutumie ujumbe mfupi utuambie: ufunguo wa kabati la shule yenu anao nani? Majibu yenu tutayasoma hewani.