Faili za kale za uhandisi zahitaji uangalifu zinapohamishwa

Majengo na mitambo hudumu kuliko programu za tarakilishi. Daraja la Nyali, linalounganisha kisiwa cha Mombasa na upande wa Kisauni, lilifunguliwa mwaka 1980. Feri za Nyayo, Harambee na Kilindini zilianza kuhudumu katika kivuko cha Likoni mwaka 1990. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kilianza kazi mwaka 1963, na hata baada ya kuacha kusafisha mafuta mwaka 2013, matangi yake yaliendelea kutumika kuhifadhia bidhaa hiyo.

Katika muda huo, programu nyingi za hesabu zimezaliwa na kuzikwa. Hapo ndipo lilipo tatizo linalowakabili wahandisi wengi: hesabu zilizoandikwa katika toleo la zamani zitasomwaje katika toleo jipya, na je, jibu litakuwa lile lile?

Swali hili si la ofisini pekee. Mwenye nyumba ya ghorofa mbili Mishomoroni au Likoni anapotaka kuongeza ghorofa ya tatu, mhandisi hana budi kujua nguzo na msingi wa awali vilikadiriwa kubeba uzito gani. Ufuoni, ambako hewa ya chumvi hula vyuma vilivyomo ndani ya zege, kubahatisha ni hatari zaidi.

Ajabu ni kwamba karatasi ya mwaka 1963 ingali inasomeka iwapo haikuliwa na mchwa, ilhali faili ya mwaka 1993 huenda isifunguke kabisa. Lotus 1-2-3, lahajedwali iliyotamba miaka ya themanini, iliondolewa sokoni na kampuni ya IBM mwaka 2013. Excel ya mwaka 2003 iliweza kufungua faili zake. Ile ya mwaka 2007 haikuweza.

Mathcad, programu inayopendwa na wahandisi kwa kuwa huonyesha fomula jinsi zinavyoandikwa daftarini, ina mkasa kama huo. Kampuni ya PTC iliinunua mwaka 2006, na mwaka 2011 ikatoa Mathcad Prime, iliyoundwa upya. Prime haifungui faili za kale moja kwa moja; sharti zipitishwe kwanza katika kigeuzi. Sehemu ambayo kigeuzi hakiitambui huweza kubaki kama picha tu: macho yanaiona fomula, lakini hesabu haipo tena.

Kosa baya zaidi ni lile lisilopiga kelele. Excel ya kabla ya mwaka 2007 ilikuwa na safu wima 256, ya mwisho ikiitwa IV. Mhandisi aliweza kukipa kisanduku jina MOM1, akimaanisha momenti ya boriti ya kwanza. Toleo la 2007 lilipanua safu hizo hadi 16,384, ya mwisho ikiwa XFD; hivyo MOM1 ikawa anwani ya kisanduku halisi. Faili inapogeuzwa, Excel huongeza alama mbele ya jina hilo na kutoa tahadhari. Hata hivyo, amri za makro zinazolitaja jina la zamani hazirekebishwi, na zaweza kusoma kisanduku kisicho na kitu.

Vipimo navyo vina hila zake. Mwaka 1999 chombo cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilipotea karibu na sayari ya Mars kwa sababu programu moja ilitoa jibu kwa ratili na nyingine ikalipokea kana kwamba ni nyutoni.

Aidha, kugeuza faili hakugeuzi kanuni zilizomo. Hesabu nyingi za zege nchini zilifuata kiwango cha Uingereza cha BS 8110, kilichoondolewa huko mwaka 2010 na nafasi yake kuchukuliwa na viwango vya Ulaya. Cha kwanza huzidisha mzigo wa kudumu kwa 1.4 na mzigo wa matumizi kwa 1.6, vya Ulaya hutumia 1.35 na 1.5. Sakafu yenye mzigo wa kudumu wa kilonyutoni 5 na wa matumizi wa kilonyutoni 3 kwa kila mita mraba itapata 11.8 kwa kanuni ya kwanza na 11.25 kwa ya pili. Tofauti ni ndogo, lakini anayechanganya mizigo ya kanuni moja na nguvu za kanuni nyingine hana tena hakika ya kiwango cha usalama.

Njia salama ni ya subira. Faili asilia ihifadhiwe bila kuguswa, na majibu yake yachapishwe kabla ya kugeuzwa. Baada ya hapo, majibu mapya yalinganishwe na ya zamani moja baada ya jingine, na machache muhimu yahakikishwe kwa mkono. Mwisho, ukurasa wa kwanza utaje toleo la programu, vipimo, kanuni iliyofuatwa na jina la mhandisi aliyekagua.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mwenye jengo, daftari hilo ni hesabu zake. Aziombe kwa mhandisi siku ya kukabidhiwa funguo, kwenye karatasi na katika faili.