Mashine ya boti "isiyochanganywa oili": mambo ya kujua kabla ya kuinunua Kariakoo

Wasikilizaji wetu wa mwambao, kutoka Bagamoyo, Mafia hadi Kilwa, hutuuliza swali linalofanana. Mtu amefunga safari hadi Kariakoo kutafuta mashine ya boti. Ameonyeshwa mashine iliyotumika, kubwa na safi, na muuzaji anamwambia: "Hii ni ya mipigo miwili, kaka, lakini haili mafuta, na wala huchanganyi oili." Je, ni kweli? Na ikigoma kijijini, ataanzia wapi?

Jibu fupi ni kwamba muuzaji hajadanganya. Zipo mashine za mipigo miwili zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na zinatumia mafuta kidogo kuliko zile za kabureta. Lakini matunzo yake ni tofauti, na mazoea mazuri ya mashine ya zamani yanaweza kuiua hii mpya.

Tofauti iko wapi?

Chukua mashine ya kabureta ambayo wavuvi wengi wanaijua. Petroli iliyochanganywa na oili huingia kwanza chini ya pistoni, kwenye krenki na bearingi. Pistoni inaposhuka, mchanganyiko huo husukumwa juu ndani ya silinda. Tatizo ni kwamba wakati huo tundu la kutolea moshi bado liko wazi, kwa hiyo sehemu ya petroli hutoka nje kabla ya kuungua. Ule utando wenye rangi rangi unaouona juu ya maji nyuma ya boti ni mafuta uliyoyalipia yakielea baharini.

Mashine ya kupuliza haipitishi petroli kule chini. Hewa tupu ndiyo inayosafisha silinda. Injekta iliyo juu ya silinda hupuliza petroli kwa kuchelewa, muda ambao kiasi kidogo sana kinaweza kutoroka. Kompyuta ndogo ndiyo inayoamua ni kiasi gani kipulizwe na wakati gani.

Teknolojia hii ilisukumwa na sheria za mazingira. Mwaka 1996 Marekani ilitangaza viwango vya moshi kwa injini za boti na jetiski. Mwaka 1999 mashine nyingi za kabureta za mipigo miwili zilipigwa marufuku katika Ziwa Tahoe. Ndipo zikaenea OptiMax za Mercury, HPDI za Yamaha, Ficht na baadaye E-TEC za Evinrude, pamoja na jetiski kama Sea-Doo GTX DI ya mwaka 2000. Ukiona moja ya majina haya kwenye kifuniko cha mashine, jua haina kabureta.

Oili ndiyo roho yake

Katika mashine ya kabureta, oili husafiri ndani ya petroli. Mvuvi huchanganya mwenyewe, kwa kawaida mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli, yaani 50 kwa 1. Petroli ikiwepo, oili ipo.

Katika mashine ya kupuliza, oili ina tenki lake na pampu yake. Pampu hiyo ndiyo inayolainisha krenki, bearingi na pistoni. Tenki la oili likikauka, petroli haitakuokoa, na mashine itanoki hata kama matenki ya petroli yamejaa. Kuchanganya oili kwenye petroli kwa mazoea hakuchukui nafasi ya pampu hiyo, kwa sababu petroli haifiki kule chini. Kunachafua injekta na plagi tu. Kama kitabu cha mashine yako kinataka uchanganye katika saa za kwanza za mashine mpya, fuata kitabu.

Aina ya oili nayo ina maana. Oili ya 2T ya pikipiki imetengenezwa kwa injini inayopozwa na hewa. Mashine ya boti hupozwa na maji, na oili yake huwa na alama ya TC-W3 kwenye chupa. Baadhi ya mashine za kupuliza zinataka oili bora kuliko hiyo, na hilo huandikwa kwenye kitabu au kwenye kifuniko cha tenki. Kama umenunua mashine iliyotumika na hujui ilikuwa inawekewa nini, mwambie fundi asafishe tenki la oili na kutoa hewa kwenye mipira yake kabla ya safari ya kwanza.

Ikigoma, anza na haya

Kabla hujapanda basi na mashine kwenye buti, au kumtumia mtu pesa ya spea kwa simu, kagua mambo manne ambayo hayahitaji kompyuta.

Betri. Mashine nyingi za aina hii zinategemea umeme wenye nguvu. Betri iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6. Ikishuka chini ya 10 unapopiga stata, mashine inaweza kuzunguka bila kuwaka, na fundi asiyeijua atakwambia injekta zimekufa. Fungua vichwa vya betri, kwangua chumvi na kutu ya kijani, kisha ukaze. Angalia fyuzi na ile kamba ya usalama ya kuzimia pia.

Petroli. Injekta ina matundu madogo mno, na maji au takataka huiharibu haraka. Mimina petroli ya kwenye filta ndani ya chupa safi ya maji, uiache itulie kwa muda. Maji yatakaa chini na petroli juu. Kama yapo, usiendelee kuwasha: toa mafuta yote, safisha tenki, badilisha filta. Petroli ya kwenye madumu ichuje kila mara.

Maji ya kupoza. Mashine ya boti inapowaka, lazima kijimkondo cha maji kiruke nje. Kisipoonekana, zima. Huenda ni mchanga, mfuko wa plastiki au impela ya pampu iliyochakaa.

King'ora. Mashine hizi hujipunguza nguvu zenyewe na kulia zinapopata joto au oili inapopungua. Wengine hudhani ni ubovu, wakakata waya wa king'ora. Ukifanya hivyo umeondoa onyo la mwisho kabla ya kunoki, na mahali pa kunoki panaweza kuwa katikati ya maji kati ya Nyamisati na Kilindoni, boti ikiwa na watu. Hata mashine ikiwa mpya, jaketi okozi na kasia vikae ndani ya boti.

Baada ya hapo ni kazi ya fundi. Usifungue mpira wa petroli wewe mwenyewe: katika baadhi ya mashine hizi shinikizo ni mara kadhaa ya upepo wa tairi la lori, na petroli inayoruka kwa nguvu hiyo huchoma ngozi na kuwaka moto.

Wenye jetiski wana jambo moja zaidi. Unapoisafisha kwa maji baridi nchi kavu, jetiski nyingi za mipigo miwili huwashwa kwanza ndipo mpira wa maji ufunguliwe, na maji hufungwa kabla ya kuzima. Ukigeuza utaratibu, maji yanaweza kupita kwenye njia ya moshi na kuingia ndani ya silinda. Mashine ya boti ni kinyume chake: maji kwanza, kuwasha baadaye.

Ukifika Gerezani

Mitaa ya Gerezani, Kariakoo, ina mafundi na maduka ya spea ya kila aina. Kabla ya kulipa pesa ya mashine ya kupuliza iliyotumika, omba mambo haya.

Ipimwe geji kila silinda. Namba zikaribiane. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, achana nayo, hata ikipakwa rangi vipi.

Isomwe kwa kompyuta. Fundi mwenye kifaa chake anaweza kuona saa ilizotembea na makosa yaliyohifadhiwa. Kama kila mtu sokoni anakwambia hana kifaa hicho, jiulize ni nani atakayekuwa nacho kijijini kwako.

Uliza spea kwanza, mashine baadaye. Kampuni ya OMC iliyotengeneza Ficht ilifilisika Desemba 2000. E-TEC ilikuja mwaka 2003 chini ya mmiliki mpya, BRP, ambaye naye alisimamisha utengenezaji wa Evinrude mwaka 2020. Mashine nyingi bado ni nzima, lakini injekta moja inaweza kukusubirisha wiki nyingi.

Piga picha kibati chenye namba ya modeli na namba ya mashine, na utunze picha kwenye simu. Ukimtuma ndugu yako anunue spea, mtumie picha hiyo pamoja na picha ya kifaa kilichoharibika. "Ya Yamaha farasi mia" haitoshi. Na adai risiti ya EFD yenye jina la duka.

Kwa mvuvi mwenye betri nzuri, petroli safi na fundi anayefikika, mashine hii itapunguza gharama ya kila safari. Kwa anayetegemea dumu la petroli lisilojulikana limetoka wapi na fundi wa bisibisi na spana, ile ya kabureta, pamoja na ulafi wake wa mafuta, bado ndiyo itakayomrudisha nyumbani jioni.