Kronografu ya 1969: nani alitangulia?
Wakusanyaji wa saa za zamani wakianza kubishana, ujue ni 1969. Kabla ya hapo kronografu, saa ya mkono yenye kipima muda, ilijazwa kwa kuzungusha kitufe. Mwaka huo zikaja za otomatiki. Zenith ilitangaza El Primero Januari. Heuer, Breitling na wenzao wakaitambulisha Calibre 11 Machi. Seiko ikaanza kuuza 6139 Japani mwezi Mei.

Kutangaza si kuuza, ndo maana ubishi hauishi.

Halafu jina la usoni halisemi yote. Calibre 11 ina kipima muda cha Dubois Dépraz kilichofungwa kwenye mashine ya Büren. Ndiyo sababu kitufe cha Heuer Monaco ya mwanzo kiko kushoto. Ukiuziwa yenye kitufe kulia, omba ifunguliwe kabla hujalipa.