Kiendeshi cha Kadi ya Michoro katika Linux: Mkalimani wa Kutegemewa?

Makala haya yananuia kueleza ni kwa nini tarakilishi inayotumia mfumo wa Linux huweza kufanya kazi barabara jioni, na kesho yake, baada ya kusasishwa, ikawaka na kuishia kwenye kiwambo cheusi. Aghalabu lawama huelekezwa kwa Linux nzima. Tukidurusu suala hili kwa makini, hata hivyo, tutabaini kuwa kasoro nyingi za aina hii huchimbuka katika sehemu moja mahususi, nayo ni kiendeshi cha kadi ya michoro.

Kadi ya michoro ni kifaa kinachokokotoa rangi ya kila nukta ionekanayo kwenye kiwambo. Kiini cha mfumo, yaani ile programu kuu inayogawa kumbukumbu na kusimamia vifaa vyote, hakiifahamu lugha ya kadi hiyo. Kila mtengenezaji ana lugha yake, na vizazi vya kadi za mtengenezaji mmoja hutofautiana mithili ya lahaja. Kiendeshi ndicho kinachofanya ukalimani baina ya pande hizo mbili. (Wapo wanaopendelea neno dereva. Kwa maoni yangu kiendeshi ni bora, maadamu kimeundwa kutokana na kitenzi endesha na kupewa kiambishi cha vifaa, ilhali dereva kwa Mswahili ni mtu mwenye leseni.)

Mkalimani wa kawaida akikosea, wasikilizaji hupotoshwa. Kiendeshi kikikosea, madhara huwa makubwa zaidi kwa sababu sehemu yake hutenda kazi ndani ya kiini chenyewe. Kosa moja la kuandika mahali pasipostahili katika kumbukumbu laweza kuisimamisha tarakilishi nzima, pamoja na sura ya tasnifu ambayo mwenyewe hakuwa ameihifadhi.

Ikumbukwe pia kuwa Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, haina mapatano ya kudumu baina ya kiini na viendeshi. Wasanidi hubadilisha miundo ya ndani kila wanapoona inafaa. Uamuzi huu ni wa makusudi, na Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wakuu wa kiini, ameutetea kwa maandishi. Hoja ni kwamba kiendeshi ambacho msimbo wake umo ndani ya kiini hurekebishwa papo hapo na yule yule anayebadilisha muundo. Kiendeshi kilicho nje hulazimika kuyafuata mabadiliko kutoka nyuma. Kikichelewa, kiini kipya hushindwa kukitumia, na hapo ndipo kiwambo cheusi hutokea.

Mfano mashuhuri ni wa Nvidia. Kwa miaka mingi kampuni hii ilitoa kiendeshi cha Linux chenye kasi ya kupigiwa mfano, lakini ambacho msimbo wake ulifichwa. Kiini kinapopakia kiendeshi cha namna hiyo hujitia alama ya kuwa na doa, na wasanidi wengi hukataa kuchunguza hitilafu iliyotokea chini ya alama hiyo. Si kiburi, hawawezi kusahihisha maandishi wasiyoruhusiwa kuyasoma. Mwaka 2012, mbele ya hadhira ya Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland, Torvalds aliitukana Nvidia kwa maneno ambayo jarida hili haliwezi kuyachapisha.

Wapo waliochagua kujifunza badala ya kutukana. Wasanidi wa mradi wa Nouveau walichunguza jinsi kiendeshi kilichofichwa kilivyozungumza na kadi, wakaiandika sarufi yake kidogo kidogo, kama afanyavyo mwanaisimu nyanjani mbele ya lugha isiyo na kitabu. Kazi yao iliingizwa katika Linux 2.6.33 mwaka 2010. Baadaye Nvidia ilitoa kadi zinazodai programu ya ndani iliyotiwa saini na kampuni yenyewe. Bila saini hiyo, Nouveau haikuweza kuipandisha kadi hadi kasi yake halisi.

AMD, iliyoinunua ATI mwaka 2006, ilifuata njia nyingine. Mwaka 2007 ilianza kutoa nyaraka za kadi zake kwa wasanidi, na kiendeshi chake huria cha amdgpu kikaingia katika Linux 4.2 mwaka 2015.

Je, uwazi wa msimbo watosha? La hasha. Kiendeshi cha Intel ni huria, lakini mwezi wa Septemba mwaka 2022 toleo la Linux 5.19.12 lilifanya viwambo vya baadhi ya vipakatalishi vyenye michoro ya Intel kumetameta vibaya, na mhandisi wa Intel akaonya kuwa vingeweza kuharibika. Chanzo kilikuwa muda wa kusubiri katika kuwasha umeme wa kiwambo. Tofauti ilijitokeza katika tiba: kasoro ilijadiliwa hadharani, na siku chache baadaye toleo la 5.19.13 likatolewa, mabadiliko mabaya yakiwa yameondolewa.

Suala hili lina uzito kwa mwanafunzi wa Kenya anayenunua tarakilishi iliyokwisha kutumika. Nvidia iliacha kuuhudumia mfululizo wa 340 wa kiendeshi chake mwishoni mwa mwaka 2019, na ule wa 390 mwishoni mwa mwaka 2022. Kadi zinazoutegemea mfululizo ulioachwa bado ni nzima, ila mkalimani wao hajifunzi tena kiini kinasema nini. Mwenye kadi kama hiyo hubakia na Nouveau, au na kiini cha zamani. Ni busara basi kuchunguza aina ya kadi kabla ya kulipa, na kuhifadhi kiini kilichotangulia katika orodha ya kuwashia kila mfumo unaposasishwa.

Mwezi wa Mei mwaka 2022 Nvidia ilitoa msimbo wa sehemu ya kiendeshi chake inayokaa ndani ya kiini. Wengi walishangilia. Hata hivyo, sehemu inayotumiwa na programu za kawaida ilibaki imefichwa, na majukumu mengi yalikuwa yamehamishiwa katika programu ya ndani ya kadi, ambayo nayo haisomeki. Aidha, msimbo huo ulihusu kadi za kizazi cha Turing cha mwaka 2018 na zilizofuata. Zilizotangulia, ambazo ndizo nyingi katika tarakilishi kuukuu, hazikuguswa.