Kabla hujajitoa kwenye grupu

Grupu la harusi likishafunguliwa, mhazini huweka orodha: majina, ahadi, kiasi kilicholipwa, na mbele ya wengine neno moja tu, "bado". Shangazi wa bwana harusi anajikuta mkiani mwa orodha na "bado" yake. Anaandika: "Kumbe tunaanikana." Mhazini, amebanwa kwenye daladala na simu mkono mmoja, anajibu: "Sawa shangazi." Dakika chache baadaye shangazi amejitoa, na siku ya harusi hakanyagi ukumbini. Katika kazi ya ushauri nasaha visa vya namna hii ni vingi, na ukivichunguza, mara nyingi unakuta hakuna aliyetukanwa.

Tumezoea kusema watu wa siku hizi wanadeka, ukiwagusa tu wananuna. Mimi sikubaliani na maelezo hayo. Kuudhika huanzia kwenye hukumu: akili inaamua kwanza kwamba fulani amekusudia kunidharau, ndipo moyo unachemka. Mtu akikukanyaga kwenye mwendokasi kwa kusukumwa na umati, unakunja uso na yanaisha. Akikukanyaga makusudi, maumivu yale yale yanazaa ugomvi.

Mwaka 1980 mwanasaikolojia wa Marekani Kenneth Dodge alichapisha jaribio alilolifanya kwa wavulana wa shule ya msingi. Walipewa kazi ya kupanga vipande vya picha, kisha wakaaminishwa kwamba mwenzao ameivuruga. Pale ilipokuwa wazi kwamba mwenzao alikusudia, au wazi kwamba ni bahati mbaya, wavulana wakorofi na watulivu hawakutofautiana sana. Tofauti ilijitokeza pale nia ilipokuwa haijulikani. Wakorofi waliona uadui na wakalipiza. Watulivu walichukulia kuwa ni ajali.

Sasa fikiria ni mara ngapi kwa siku tunapokea maneno ambayo nia yake haionekani. Ujumbe wa simu hauna uso wala sauti. Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walilipima jambo hili katika utafiti wao wa barua pepe uliochapishwa mwaka 2005. Waandishi walituma sentensi, nyingine za dhati na nyingine za kejeli, wakitarajia wasomaji wangezitofautisha kwa asilimia 78. Wasomaji walipatia asilimia 56, wakati kubahatisha tu kungewapa 50. Waliosikia sentensi hizo kwa sauti walipatia karibu robo tatu. Mwandishi huisikia sauti yake kichwani anapoandika, akadhani nayo imefika.

Kwetu kuna jambo la ziada. Sisi ni watu wa mafumbo. Mwanamke wa Mombasa au Unguja anajua kuchagua kanga kwa jina lake, akapita nayo mbele ya jirani na ujumbe ukafika bila yeye kufungua mdomo. Taarabu imejengeka juu ya mipasho. Ni sanaa ninayoipenda sana, lakini imetufundisha kumtafuta mlengwa hata pale asipokuwepo. Mtu anaweka methali kwenye status asubuhi, na kabla ya adhuhuri watu wanne, kila mmoja kwa wakati wake, wameamini ni wao wanaosemwa.

Na wazee wetu walikuwa na kinga. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali kati ya 1878 na 1882. Leo ni watani. Mtani huingia msibani akamwigiza marehemu, akazuia jeneza mpaka apewe chochote, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia wa Uingereza A. R. Radcliffe-Brown aliandika kuhusu mahusiano ya namna hii: mmoja ana ruhusa ya kumkejeli mwenzake, na mwenzake anapaswa asiudhike. Upande wa pili kuna mkwe, ambaye hataniwi hata kidogo. Nguvu ya utani ni kwamba nia imeshajulikana kabla neno halijatoka. Grupu limewaweka mtani, mkwe, bosi na mwalimu wa Jumapili mahali pamoja, kisha likawapa wote sentensi ile ile bila kuwaambia inasemwa kwa nani na kwa moyo gani.

Hapa nisieleweke vibaya. Yapo maneno ambayo nia njema haiyasafishi. Mtu anayetaniwa kila siku kwa ulemavu wake, kabila lake au kutopata mtoto anaumia kweli, na anayemwambia "acha kudeka" anamwongezea jeraha. Huyo anastahili kuombwa radhi, na anayemsema anatakiwa aache.

Mengine mengi ninayoyaona yangekwisha kwa simu ya dakika mbili. Ujumbe ukikuchoma, usijibu kwa maandishi. Mpigie aliyeuandika, umsalimie kwanza kama kawaida, kisha umuulize alikuwa na maana gani. Ukiwa wewe ndiye uliyeandika na unaona mwenzako amekaa kimya ghafla, usisubiri, piga wewe. Aliyekusudia kukudharau utamtambua kwa sauti yake, na hapo hasira yako itakuwa ya haki.